Kuondoa Pindo la Kijani Katika Video za Pazia la Kijani

Pindo la kijani ni utepe mwembamba wa rangi unaobaki kuzunguka nywele, mabega na vidole vya mtu aliyerekodiwa mbele ya pazia la kijani, baada ya pazia lenyewe kufutwa na mandhari mpya kuwekwa nyuma yake. Mara nyingi upana wake hauzidi pikseli mbili tatu, lakini jicho hulinasa mara moja, kwa kuwa katika mandhari mpya hakuna kitu cha kijani kinachoweza kummulika mtu hivyo. Mtangazaji akiwekwa mbele ya picha ya bandari wakati wa magharibi huku masikio na nywele zake zikiwaka kijani, mtazamaji hujua papo hapo kwamba mtu huyo hakuwahi kusimama pale.

Wahariri wengi hukimbilia kuubana mpaka wa picha ya mtu kwenda ndani hadi utepe ukatike. Utepe hukatika kweli, lakini huondoka na nywele laini, ncha za vidole na ulaini wote wa kingo, na mtu hubaki kama picha iliyokatwa gazetini kwa mkasi. Pikseli zenye pindo ni sehemu halali ya mtu. Kasoro yake ni rangi tu, na kazi iliyopo ni kuirekebisha rangi hiyo huku pikseli zenyewe zikiachwa mahali pake.

Kijani kinatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni mwakisiko. Pazia lililomulikwa vizuri nalo huwa taa: hupokea mwanga mweupe na kurudisha wa kijani, na mwanga huo humrukia aliyesimama mbele yake. Hutua shingoni, kwenye taya, chini ya mikono, kwenye fremu za miwani na kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Mwanga unaopita ubavuni mwa ngozi huakisiwa kwa nguvu zaidi kuliko unaoipiga moja kwa moja, ndiyo maana kijani hujikusanya pembezoni mwa uso kuliko katikati. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wake. Ngozi yenyewe hurudisha mwanga kidogo, kwa hiyo mng'ao wa mafuta au jasho juu yake huonekana zaidi, na mng'ao huo hubeba rangi ya pazia bila kuipunguza. Poda isiyong'aa usoni, shingoni na kwenye kipara kabla ya kurekodi huokoa kazi kubwa baadaye.

Chanzo cha pili ni pikseli mseto. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli moja ya video, kwa hiyo pikseli iliyoupokea imepokea pia sehemu ya pazia. Mkono unaopunga hutoa ukungu wa mwendo, na bega lililo nje ya fokasi hutoa ukungu wa lenzi. Kote huko mtu na pazia wamechanganyika ndani ya pikseli ileile, na kijani kilichomo hakikuakisiwa na mwili. Ni pazia lenyewe.

Chanzo cha tatu ni kamera na faili yake. Simu na kamera nyingi za bei ya kawaida huhifadhi video kwa mfumo wa 4:2:0, ambamo kila pikseli hupewa mwangaza wake, lakini rangi moja hugawiwa pikseli nne, mbili kwa mbili. Kijani cha pazia huvuka mpaka na kuingia shavuni kwa sababu tu pikseli hizo nne zimelazimishwa kuwa na rangi moja. Mfumo wa 4:2:2 hugawia rangi moja pikseli mbili, na wa 4:4:4 huipa kila pikseli rangi yake. Tena kuna kamera zinazoongeza makali ya picha zenyewe, na makali hayo huchora mstari mwembamba kuzunguka mwili, mstari ambao hakuna programu inayojua kama ni wa mtu au wa pazia.

Pikseli moja kwa hesabu

Inafaa kuitazama pikseli moja ya ukingo wa nywele kwa karibu, kwa kuwa mbinu zote zinazofuata zimesimama juu ya hesabu hii. Pazia lina rangi ya nyekundu 60, kijani 180, buluu 75. Nywele zina 40, 30 na 25. Pikseli iliyogawanywa nusu kwa nusu itakuwa na 50, 105 na 50. Maski, yaani ile picha ya nyeusi na nyeupe inayoiambia programu wapi mtu aonekane na wapi asionekane, ikifanya kazi yake sawasawa itaipa pikseli hiyo alfa, yaani kiwango cha kuonekana, ya asilimia 50.

Mandhari mpya ikiwa anga la jioni lenye 200, 120 na 60, jibu sahihi ni nusu ya nywele na nusu ya anga: 120, 75 na 42. Lakini programu isiposafisha rangi huchukua nusu ya pikseli iliyochafuka na kuichanganya na nusu ya anga, na kupata 125, 112 na 55. Nyekundu na buluu hazikwenda mbali. Kijani kimeruka kutoka 75 hadi 112, na hiyo 37 ya ziada ndiyo pindo. Maski haina kosa lolote hapa, na kuibana hakutapunguza chochote isipokuwa nywele.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi

Umbali ni dawa ya kwanza. Mtu asimame mita 2 hadi 3 mbele ya pazia, zaidi ikiwezekana, na taa za pazia ziwe mbali na taa za mtu. Katika chumba kidogo, ambako mita 3 ni ndoto, kuna njia nyingine inayosahaulika: kupunguza eneo la kijani. Kijani kinachohitajika ni kile kilicho nyuma ya mtu ndani ya fremu. Kilichobaki pembeni na chini kinammulika bure. Pazia likunjwe, na sakafu ifunikwe kitambaa cheusi kama miguu haionekani. Pembezoni panapobaki wazi patafutwa baadaye kwa kuchora maski ya nje kwa mkono, kazi ya dakika moja.

Pazia halihitaji kung'aa sana. Linalotakiwa ni mwanga uliosambaa sawa bila mikunjo, kwenye kiwango cha katikati, takriban asilimia 40 hadi 50 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera au monita. Likizidi hapo, mwakisiko huongezeka na ubora wa maski hauongezeki. Taa ya nyuma inayomulika mabega na nywele husaidia kwa sababu mwanga wake mweupe huishinda rangi iliyoakisiwa. Wapo wanaoifunika taa hiyo kwa karatasi ya rangi ya majenta ili kukipinga kijani. Kwa programu za sasa ni heri iachwe nyeupe, kwani majenta ikizidi kidogo huacha ukingo wa waridi, na waridi ni mgumu kuondoa kuliko kijani.

Kwenye kamera, makali ya picha yapunguzwe hadi chini kabisa, mizani ya weupe na mwanga vifungwe visibadilike katikati ya kurekodi, na kama kamera inaruhusu 4:2:2 ya biti 10, ichaguliwe hiyo. Kwenye simu, hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu na vichujio vya urembo vizimwe, maana vyote huchora ukingo wa kubuni kabla mhariri hajaanza. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, shata ya 1/50 inatosha kwa mtu anayezungumza ametulia. Anayepunga mikono au kucheza arekodiwe kwa 1/100, ukungu wa mwendo upungue. Mwisho, kabla mtu hajaingia, zirekodiwe sekunde chache za pazia tupu. Programu kadhaa huweza kulinganisha picha hiyo na ile yenye mtu, na kujua kijani cha kila sehemu ya pazia kilikuwaje hasa.

Mpangilio wa kazi mezani

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutaka kifaa kimoja kifanye yote: kifute pazia, kisafishe rangi na kulainisha kingo kwa mpigo. Maski na usafishaji wa rangi vitenganishwe. Nakala moja ya video itumike kutengeneza maski peke yake, na nyingine itumike kusafisha rangi peke yake, kisha maski ya kwanza ivishwe juu ya picha safi ya pili. Hapo mhariri anaweza kuibana rangi ya kijani atakavyo bila kutoboa maski, na kurekebisha maski bila kumbadilisha mtu rangi.

Nyuma ya mtu iwekwe kwanza rangi moja tupu badala ya mandhari ya mwisho. Kijivu cha katikati huonyesha mapindo ya giza na ya mwanga; majenta huanika kijani chote kilichojificha. Mandhari yenye miti au majani huficha pindo, na mhariri akikagua juu yake hujidanganya hadi siku mteja atakapoomba mandhari ya buluu.

Maski yenyewe ni bora iwe mbili. Moja ngumu, iliyobanwa kwenda ndani, hulinda kifua, uso na nguo visitobolewe. Ya pili laini, inayohifadhi kila kivuli cha kijivu kwenye nywele na ukungu wa mwendo, hutawala kingo peke yake. Zikijumlishwa, mtu huwa mzima katikati na laini pembeni. Chenga zikiwa nyingi, zipunguzwe kwenye nakala ya maski tu, ili ngozi isipoteze umbile lake. Kwa video za 4:2:0, kutia ukungu kidogo kwenye chaneli za rangi pekee, bila kugusa mwangaza, huondoa ngazi za pikseli mbili kwa mbili kwenye mpaka.

Kusafisha rangi

Sheria kongwe na bado nzuri inasema hivi: kijani cha pikseli kisizidi wastani wa nyekundu na buluu yake. Kikizidi, kishushwe hadi hapo, kisipozidi, kiachwe. Mantiki ya kulinganisha chaneli namna hii ina mizizi katika kazi ya Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani ambaye mbinu yake ya tofauti za rangi ilitumika katika filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959, wakati huo pazia likiwa la buluu.

Pikseli ya nywele iliyotajwa juu, yenye 50, 105 na 50, huwa 50, 50 na 50. Ikichanganywa na anga la jioni inatoa 125, 85 na 55, karibu kabisa na jibu sahihi. Ngozi nayo hupona. Ngozi ya 110, 75 na 55 ina wastani wa 82 kati ya nyekundu na buluu, kwa hiyo kijani chake cha 75 hakiguswi. Ikipata mwakisiko na kuwa 110, 100 na 55, hushushwa hadi 82, karibu na ilivyokuwa.

Tatizo huja na manjano. Kanga ya manjano iliyokolea yenye 230, 200 na 40 ina wastani wa 135, na sheria ile hukishusha kijani chake kutoka 200 hadi 135. Mama aliyevaa kanga ya manjano hutoka kwenye kompyuta amevaa ya rangi ya chungwa, na hereni zake za dhahabu zimegeuka shaba. Hapa sheria ibadilishwe: kijani kisizidi nyekundu, basi. Manjano itabaki manjano, kwani 200 haizidi 230. Lakini sheria hii ni dhaifu kwa ngozi, maana ile ngozi ya 110, 100 na 55 itapita bila kuguswa. Kwa hiyo nguo na uso visisafishwe kwa sheria moja. Mhariri achore eneo la nguo, alipe kikomo cha nyekundu, na mwili uliobaki aupe kikomo cha wastani. Kazi hii ya ziada inastahili kufanywa. Rangi ya kanga au kitenge ni jambo ambalo mvaaji analikumbuka vizuri, na akiiona imebadilika hawezi kuamini kwamba uhariri umefanywa kwa uangalifu.

Dalili ya kuzidisha dawa ni ngozi kuelekea waridi au zambarau, hasa chini ya macho na kwenye viganja. Nguvu ya usafishaji ishushwe kidogo kidogo hadi viganja virudi kwenye rangi yake, hata kama chembe ya kijani inabaki shingoni. Hiyo chembe itashughulikiwa kwa maski ndogo ya eneo lake.

Kushusha kijani pia huleta giza. Katika video ya HD, mwangaza hukokotolewa kwa kuchukua takriban asilimia 72 kutoka kijani, 21 kutoka nyekundu na 7 tu kutoka buluu. Anayeondoa kijani anaondoa mwanga, na pindo la kijani hugeuka pindo jeusi. Njia ya kuurudisha mwanga huo ni kuchukua tofauti kati ya picha ya awali na picha iliyosafishwa. Tofauti hiyo ni ramani inayoonyesha ni wapi kijani kilitolewa na kwa kiasi gani. Ramani igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe, izidishwe na nakala ya mandhari mpya iliyotiwa ukungu mwingi, kisha tokeo liongezwe juu ya mtu. Mahali palipokuwa na mwanga wa pazia panapata sasa mwanga wa mandhari mpya, kwa kipimo kilekile. Kwa nywele, glasi na vitambaa vyepesi kama shifoni, hatua hii hufanya kazi kubwa kuliko nyingine zote, na inasikitisha kwamba mafunzo mengi huiruka.

Pale ukungu wa mwendo unapobaki mchafu hata baada ya hayo, rangi ya ndani irefushwe kwenda nje. Maski ngumu hutumika kubakiza sehemu ya mtu iliyo safi kabisa, rangi za sehemu hiyo hutandazwa kwa ukungu hadi zipite mpaka, na maski laini ya awali hukata umbo. Mkono unaopunga huchukua rangi ya mkono wenyewe hadi kwenye ncha ya ukungu wake.

Vifaa katika programu zinazojulikana

After Effects huja na Keylight. Baada ya kuchagua rangi ya pazia, mtazamo ubadilishwe kuwa Screen Matte, na vipimo vya Clip Black na Clip White visogezwe kidogo tu, hadi pazia liwe jeusi na mwili mweupe huku nywele zikibaki za kijivu. Kisha mtazamo uwekwe Intermediate Result, ambao huikata picha bila kuisafisha rangi, na kazi ya rangi iachiwe kifaa cha Advanced Spill Suppressor kinachowekwa baada yake. Kipimo cha Screen Shrink kinachobana maski kiguswe mwisho, kisivuke pikseli moja.

Katika Premiere, Ultra Key ina sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa: Matte Cleanup ni ya maski, Spill Suppression ni ya rangi. Pindo likionekana, mhariri aanze na ya pili. DaVinci Resolve ina alama ya Despill ndani ya 3D Keyer, na kwa kazi nzito upande wa Fusion una Delta Keyer, inayopokea picha ya pazia tupu na kupanga nguvu za usafishaji kwa majina ya viwango vya kuiva nyama. Cha katikati hutosha kwa nyuso nyingi. Blender huweka usafishaji ndani ya nodi ya Keying. OBS, inayotumika kwa matangazo ya moja kwa moja, ina kipimo kimoja tu cha kupunguza kijani kilichoakisiwa, kwa hiyo anayerusha matangazo mubashara ategemee zaidi umbali na taa. Programu nyingi za simu zina nguvu ya kufuta na ulaini wa kingo pekee. Humo pindo hupunguzwa kwa kurekodi vizuri, na baada ya hapo kwa kupunguza ukolevu wa rangi ya kijani peke yake, ikiwa programu ina kifaa hicho na mtu hakuvaa kijani.

Pindo lisilo la kijani, na kutoa faili

Pindo likiwa jeusi au jeupe na limezunguka mwili mzima kwa upana uleule, tatizo si pazia. Faili imesomwa kinyume: alfa iliyokwisha kuzidishwa ndani ya rangi imechukuliwa kuwa haijazidishwa, au kinyume chake. Rekebisho liko kwenye mpangilio wa kusoma faili, na hakuna usafishaji wa rangi unaoweza kuliondoa. Kwa sababu hiyo, marekebisho ya rangi baada ya kufuta pazia yafanywe kabla ya alfa kuzidishwa; ukimya wa programu kuhusu jambo hili umewapotezea wengi usiku mzima.

Mtu aliyesafishwa akipelekwa kwa mhariri mwingine pamoja na uwazi wake, ProRes 4444 hubeba alfa na rangi kamili kwa kila pikseli; H.264 ya kawaida haibebi alfa. Kazi iliyokwisha kuunganishwa na mandhari itashushwa hadi 4:2:0 na mitandao mingi, na kingo zenye rangi mbili zinazogombana ndizo huumia kwanza. Faili ya mwisho itazamwe baada ya kubanwa, kwenye skrini ya simu na kwenye televisheni, ikisimamishwa fremu kwa fremu pale mtu anapogeuza kichwa na pale mkono unapopita mbele ya sehemu yenye mwanga mkali wa mandhari.